Mnaonunua nyumba Marekani na mnaowachangia ndugu kununua, someni habari za HOA kabla ya kusaini

MwanaMwanga:

Wakuu habari za jioni, nawaandikia kutoka Mwanga hapa Kigoma. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, kuna kitu kinaitwa HOA, chama cha lazima cha wenye nyumba wa mtaa, kimetutesa familia yetu mwaka mzima na nusu na sasa kinataka kurudi kwa mtu mwingine wa nyumbani, nimeona nikiandike hapa kabla hakijawafikia na wengine.

Dada yangu ameolewa na Mkongo, kwao Fizi. Ukoo wao uliingia Nyarugusu 1996, kambi ya wakimbizi ndio inafunguliwa, shemeji akakulia pale akasoma pale, wakaja kuonana na dada yangu Kasulu sokoni. 2016 wakapata safari wakapelekwa Texas. Wamefanya kazi kweli kweli, shemeji ghala la mizigo zamu ya usiku, dada usafi hospitalini, 2022 wakanunua nyumba nje kidogo ya Houston kwa mkopo wa benki. Mama alilia kwenye simu siku ile, mtu aliyekulia chini ya turubai leo ana nyumba yenye hati.

Barua za hicho chama zikaanza mwaka uliofuata. Za kwanza zilikuwa za kawaida tu, majani yamerefuka, pipa la taka linaonekana kutoka barabarani siku ambayo si ya taka. Halafu ikaja ya ada ya mwaka, dola 850. Hawakulipa. Siyo kwamba hawakuwa nayo, walijua imeshalipwa. Kwao benki kila mwezi inakata rejesho la mkopo na humo humo inakata kodi ya nyumba na bima, inaziweka akaunti ya pembeni wanaiita eskro, tarehe ikifika benki inalipa yenyewe. Ni kama sisi tangu 2021 kodi ya jengo inavyokatwa kwenye LUKU, umenunua umeme umeshalipa, hukumbuki hata. Basi wakajua na ada ya chama imo mle. Kumbe kwa kawaida haimo, unalipa mwenyewe kwa chama au kwa kampuni iliyoajiriwa kukisimamia. Na kinachouma ni kwamba benki ikiwa inapima kama unaweza kubeba mkopo inaihesabu ile ada kwenye mzigo wako wa madeni, kwa hiyo waliiona kwa macho yao kwenye karatasi za benki, wakajua imeshashughulikiwa.

Barua za tatu na za nne shemeji aliziweka kwenye droo. Nilipomuuliza kwa nini akanijibu neno ambalo hata mimi ningelijibu: "Mwalimu, mimi sijajiunga na chama chochote."

Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi, liko kwenye hilo neno chama. Huku kwetu chama unajiunga kwa hiari, cha kuzikana, cha kuweka na kukopa, ukichoka unaaga unatoka. Hata mchango wa ulinzi mtaani ukigoma mwenyekiti atakuita na majirani watakununia lakini hakuna mtu atakayekuja kuuza nyumba yako. HOA ni chama cha wenye nyumba ila uanachama umefungwa kwenye kiwanja. Kampuni inayojenga mtaa inaandika masharti na kuyasajili kaunti kabla haijauza kiwanja cha kwanza, kuanzia hapo kila anayenunua ananunua na masharti yake, awe ameyasoma au hajayasoma. Kutoka ni kuuza nyumba tu. Na ile ada siyo mchango, ni deni linalokaa juu ya nyumba yenyewe, usipolipa linaandikishwa kwenye hati na mwisho wa safari nyumba inaweza kupigwa mnada hata kama benki unailipa kila mwezi bila kukosa.

Zile 850 mpaka naletewa makaratasi zilikuwa zimefika dola 2,460 na senti, kwa sababu ya faini ya kuchelewa, riba, gharama za barua na wakili wa chama. Dada akanitumia yote kwa wasap, nikaenda steshenari sokoni nikaprinti kurasa 74 nikakaa nazo. Mimi nilifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi na bado kuna sentensi nilizisoma mara nne nne.

Sasa ninachowaombea leo. Mdogo wake shemeji na mumewe nao wamepata nyumba upande huo huo wa Houston, wameshatoa kishika uchumba, dalali anawaharakisha wasaini karatasi ya HOA. Mwenye kujua aseme, cha kuangalia ni nini hasa?

DadaUjiji:

Pole sana mwalimu. Mimi swali langu dogo, hiyo pesa inafanya kazi gani? Yaani nimenunua nyumba yangu halafu nalipa tena kukaa kwenye nyumba yangu?

MwanaMwanga:

Dada yangu swali zuri, ndilo aliloniuliza na mama. Nyumba ni yako lakini mtaa una vitu vya wote: bustani, taa za njia, ukuta wa nje, geti kama lipo, bwawa la kuogelea, bwawa la kupokea maji ya mvua, bima ya hayo maeneo, mtu wa kukata majani. Serikali ya mji haivigusi, wanalipa wakazi. Kwa shemeji 850 ni ya mwaka mzima, wengine wanalipa kwa mwezi na ni kubwa zaidi. Houston ina la kwake pia, ni mji mkubwa usio na sheria ya mipango inayosema hapa makazi hapa gereji, sasa kinachomzuia jirani asifungue gereji ubavuni mwako ni hayo masharti ya kwenye viwanja. Kwa hiyo kuna watu wanaipenda HOA na wana sababu, siwezi kusema yote ni uonevu.

Mkongo_wa_Houston:

Mwalimu shikamoo. Nimesoma nikaona ni mimi unaniandika. Nami nilitoka Nyarugusu, niko huku mwaka wa tisa, nyumba yangu ina HOA na nimeingia kwenye kamati yao kwa hiyo nitasema ninayoyajua ya Texas, majimbo mengine yana sheria zao.

Kwanza huyo mdogo wake shemeji ASISAINI HARAKA. Mkataba wa nyumba wa Texas ukiwa na HOA unakuja na karatasi ya nyongeza ya chama, ina viboksi. Kiboksi kimoja kinasema muuzaji alete taarifa za mtaa ndani ya siku kadhaa, na mnunuzi akishazipokea ana siku 3 za kuvunja mkataba na kurudishiwa kishika uchumba chake chote. Kingine kiko chini kinasema mnunuzi hahitaji hizo taarifa. Watu wetu wengi wanawekewa tiki hapo chini, wanaambiwa hii inaharakisha mambo, na kweli inaharakisha ila umeshatupa siku zako 3 na hujui umenunua nini. Mwambie aangalie tiki imekaa wapi leo hii usiku huu.

Hizo taarifa ni kitabu cha masharti, katiba ya chama, kanuni, na cheti cha mauzo ambacho chama kinatoa. Hicho cheti ndicho cha dhahabu, kinasema ada ni kiasi gani, kama muuzaji anadaiwa, kama kuna mchango maalumu wa juu ya ada umeshapitishwa, kama kuna kesi mahakamani, akiba ya chama ni kiasi gani, na kama hiyo nyumba ina makosa ya kanuni ambayo chama kinayajua. Chama kikiombwa kwa maandishi kina siku 10 za kazi kukitoa na hakiruhusiwi kutoza zaidi ya dola 375. Na kwenye karatasi muwe mmeshakubaliana nani analipa, muuzaji au mnunuzi.

Halafu angalieni ada ya kuhamisha jina, vyama vingi vinatoza siku ya kukabidhiana, watu inawakuta mezani.

BuhaNyumbani:

Mwakeye mwalimu. Mimi nina mtoto wa kaka yangu Ohio, anasema nyumba za mtaa wao huwezi kufuga kuku wala kulima mahindi mbele ya nyumba, ni kweli au anakwepa kulima?

Mkongo_wa_Houston:

Ni kweli kaka, vitabu vingi vinakataza kuku, na mbele ya nyumba wanataka ukoka. Bustani ya nyuma mara nyingi hawana neno, mimi nina matembele na sombe nyuma ya nyumba mwaka wa tano sasa. Ila rangi ya nyumba, uzio, banda, kubadilisha paa, vyote unaomba kibali kwa maandishi kwanza, kuna kamati ya usanifu. Kuna mama mmoja kwetu alipaka mlango na kuta bluu nzuri tu, akaambiwa arudishe, alilipa fundi mara mbili.

Lingine la watu wetu ni magari. Msiba ukitokea au sherehe yanakuja magari 30, yanapanda kwenye majani, yanaziba njia ya jirani. Barua inakuja kesho yake. Tukipata msiba sasa tunamwandikia meneja mapema na kupita kwa majirani kuwaambia, wanaelewa, ni watu.

FundiGungu:

Na dishi je? Mzee wangu kule alikatazwa kufunga dishi akakaa bila kuangalia chaneli za nyumbani

Mkongo_wa_Houston:

Alionewa huyo mzee au hakujua. Kuna kanuni ya shirikisho ya 1996, ya tume ya mawasiliano, chama hakiwezi kukukataza dishi lisilozidi mita 1 kwenye sehemu ambayo ni yako peke yako. Wanaweza kukuomba uliweke upande fulani lakini siyo kwa namna ya kukunyima matangazo au kukupandishia gharama bila sababu. Bendera ya Marekani pia kuna sheria ya 2005 hawawezi kukuzuia kabisa.

DadaUjiji:

Na wanaweza kukukataa kwa sababu ni Mwafrika au mkimbizi? Maana neno chama na masharti linanitisha

MwanaMwanga:

Hilo nalisoma kwa uchungu. Zamani masharti ya viwanja Marekani yalikuwa yanaandikwa wazi kabisa kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asikae. 1948 mahakama kuu ya Marekani kwenye kesi ya Shelley v. Kraemer ikasema mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti ya namna hiyo, 1968 ikaja sheria ya makazi ikakataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu, na 1988 wakaongeza walemavu na familia zenye watoto. Kuna hati za zamani hayo maneno bado yamo kwenye karatasi na hayana nguvu. Kwa hiyo chama hakiwezi kukukataa kwa asili yako wala kwa kuwa na watoto, isipokuwa mitaa iliyotengwa kisheria kwa wazee, hiyo ya watoto haiwabani. Ukiona barua zinakuja kwako tu na jirani mwenye kosa lile lile haletewi, piga picha, weka tarehe, tunza.

KasuluMoja:

Mimi nauliza la deni. Shemeji yako walifanyaje? Maana naona tatizo ni moja, mtu akipata barua ya wakili anajificha.

MwanaMwanga:

Ndiyo, walijificha miezi minne. Dada alikuwa akiona bahasha ile anaipindua, hafungui. Nikamwambia dada, barua usiyoifungua nayo inaendelea kuhesabu riba.

Tulifanya hivi, na nayaandika taratibu kwa sababu yalitusaidia.

Tuliandika barua ya kuomba hesabu yote kwa mchanganuo, siyo jumla. Ilipokuja tukaona ndani ya 2,460 ada halisi ilikuwa 850 tu, kulikuwa na faini dola 300 za majani na pipa, kilichobaki ni riba na wakili na barua. Sheria ya Texas inasema kabla ya kukutoza faini lazima chama kikutumie notisi kwa barua ya kusajiliwa, kikupe muda wa kurekebisha, na una siku 30 za kuomba kusikilizwa na bodi. Notisi ya faini moja hatukuiona, shemeji akaomba kusikilizwa, akaenda na picha za uwanja wake umekatwa vizuri, wakafuta dola 150. Alisema aliwakuta wazee watatu tu na mama mmoja, majirani zake, wamekaa kwenye viti vya plastiki, kumbe miezi yote ile alikuwa anadhani ni serikali.

Halafu mpango wa malipo. Chama chenye viwanja zaidi ya 14 Texas lazima kikubali kulipwa kidogo kidogo, si chini ya miezi mitatu, na hakilazimiki kuvuka miezi 18. Walipewa miezi 12. Ila ukiwekewa mpango ukauvunja hawalazimiki kukupa mwingine ndani ya miaka miwili, kwa hiyo usichukue mpango unaokuzidi ili tu uwafurahishe.

Kitu cha mwisho ambacho kilimpa shemeji usingizi: Texas chama hakiwezi kupiga nyumba mnada kwa deni la faini peke yake au gharama za wakili zinazotokana na faini. Kwa ada kinaweza, tena kwa amri ya mahakama. Na ile pesa unayolipa, kama hujavunja mpango, sheria inataka ianze kufuta ada za nyuma, halafu ada ya sasa, ndipo wakili, faini zinakuja huko nyuma kabisa. Maana yake hata pesa ikiwa ndogo peleka, inafuta kwanza kile kinachoweza kukuuzia nyumba. Na hata nyumba ikiuzwa na chama una siku 180 tangu utumiwe taarifa ya mauzo kuikomboa. Nasema kuikomboa ila itakuwa na gharama zake, tusifike huko.

Nesi_California:

Nimefurahi kuona uzi huu, mimi ni wa Ujiji niko California. Kwetu sheria inasema chama hakiwezi kwenda kwenye mnada mpaka deni la ada lifike dola 1,800 au lizidi miezi 12, bila kuhesabu faini na gharama nyingine. Nakubaliana na kaka wa Houston kila jimbo lina lake, usichukue ushauri wa ndugu wa jimbo jingine ukaufanya wako.

Mimi nina fleti, siyo nyumba ya peke yake, na naomba wanaofikiria fleti wanisikilize. Fleti ada ni kubwa kwa sababu inabeba paa, lifti, mabomba, kuta za nje, bima ya jengo lote. Watu wanakimbilia fleti yenye ada ndogo wanaona wamepata. Mimi nasema ada ndogo kwenye jengo kuukuu ni ya kuogopa kuliko ada kubwa, kwa sababu paa litakuja kuharibika tu na kama chama hakikuweka akiba mtaitwa kikao mtaambiwa kila mlango ulete dola elfu kadhaa, ndio mchango maalumu huo, na ukishapitishwa ni deni kama ada, hauchagui. Mimi niliitwa mwaka wa pili, dola 6,200, nilichukua zamu za ziada miezi saba.

Mnakumbuka lile jengo la Surfside kule Florida, Champlain Towers South, lilianguka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 wakafa watu 98. Ripoti ya mhandisi ya 2018 ilishasema zege limeharibika vibaya chini ya eneo la bwawa, wenye fleti wakabishana kuhusu pesa muda mrefu, mchango wa dola milioni 15 ulishapitishwa mwaka huo huo wa 2021 na jengo likaanguka matengenezo makubwa hayajafanyika. Baada ya hapo Florida 2022 ikatunga sheria ya majengo ya fleti ya ghorofa tatu kwenda juu kukaguliwa yakifika miaka 30, na kuweka akiba ya mambo ya uhai wa jengo kama paa na nguzo, ikawakataza kupiga kura ya kuiruka. Ada zikapanda sana kule. Kwa hiyo ukiona ada kubwa usiulize tu kwa nini ni kubwa, uliza kiasi gani kinaenda akiba. Benki nyingi zinataka angalau asilimia 10 ya bajeti ya jengo la fleti iende akiba, na jengo ambalo halina benki inaweza kukataa kukupa mkopo, na wewe siku ya kuuza mnunuzi wako atakataliwa hivyo hivyo.

Ombeni pia kumbukumbu za vikao vya mwaka mmoja au miwili. Bajeti inaandikwa vizuri, lakini kwenye vikao ndiko utakuta watu wanalalamika paa linavuja ghorofa ya nne.

FundiGungu:

Hili la fleti hata huku linakuja mkuu, Dar watu wananunua fleti kila siku

KasuluMoja:

Limeshakuja. Sisi tuna sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, unapata hati ya sehemu yako na ngazi, paa, lifti, eneo la nje ni vya wote, na wenye sehemu wanakuwa na chombo chao cha kusimamia na kukusanya gharama. Nina jamaa yangu kanunua Dar hajawahi kuuliza akaunti ya matengenezo ina shilingi ngapi. Anauliza tu lini lifti itapona.

BuhaNyumbani:

Mkuu wa Houston swali la mwisho, nimesikia kuna kitu kingine kinaitwa MUD, mtoto wa rafiki yangu aliambiwa alipe na HOA na MUD, ni kitu kimoja?

Mkongo_wa_Houston:

Vitu viwili. MUD ni wilaya ya huduma za maji na mifereji, ni chombo cha serikali, inatoza kodi juu ya nyumba kwa hiyo benki inaweza kuilipa kupitia eskro. HOA ni chama binafsi, unalipa pembeni. Nje ya Houston mitaa mipya mingi ina vyote viwili, mtu anapiga hesabu ya rejesho la benki peke yake anasema nyumba ni rahisi, weka MUD, weka HOA, weka bima ya kule kwenye vimbunga, hesabu imebadilika.

Na nyongeza kwa mwalimu, kuna tovuti ya jimbo, hoa.texas.gov, chama kinatakiwa kusajili pale cheti chake cha usimamizi, unapata jina la kampuni inayosimamia na anwani ya kutuma barua. Wengi wanalipa kwa kampuni ya zamani iliyoshaondolewa halafu wanaambiwa hawajalipa. Tangu mwanzo wa 2024 pia chama kinachotoza faini lazima kiwe na sera ya faini iliyoandikwa yenye viwango vyake. Iombeni.

MwanaMwanga:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, umeme ulikatika na simu ilizima.

Jana usiku tulikaa kwenye simu na mdogo wake shemeji mpaka saa nane za huku. Tiki ilikuwa kwenye kile kiboksi cha chini, cha kutohitaji taarifa, ila bado hawakuwa wamesaini. Nikamwambia mwambie dalali abadilishe, dalali akanuna kidogo akabadilisha. Nawashukuru sana, hasa wewe wa Houston, Mungu akubariki na bustani yako ya sombe.

Taarifa zikifika nitaleta hapa tuzisome pamoja, nitaficha majina.

MwanaMwanga (baada ya siku 12):

Wakuu taarifa zilifika Jumatatu, kurasa 118. Nimezisoma zote, nyingine na mjukuu wangu wa kidato cha nne akinisaidia kutafuta maneno.

Ada ya mwaka 1,100, muuzaji hadaiwi, hapo sawa. Akiba ya chama niliikuta ni ndogo, dola elfu 9 kwa mtaa wa nyumba zaidi ya 200, na kwenye kumbukumbu za kikao cha Machi wanazungumzia ukuta wa nje wa matofali unaoinama upande wa barabara kuu, wanatafuta mkandarasi. Nesi, nilikukumbuka pale pale. Hakuna mchango uliopitishwa kwa hiyo cheti cha mauzo hakikusema kitu, bila kusoma kikao tusingejua.

Lakini kilichotukalisha chini ni ukurasa wa 41, kifungu cha magari. Gari la biashara haliruhusiwi kulala nje ya nyumba, wala mbele ya gereji, wala barabarani. Mume wake ana lori dogo la boksi, ndiyo kazi yake, anapeleka samani madukani, na gereji ya ile nyumba halingii hata robo. Angelala nalo wapi? Angetafuta kulipia maegesho kila mwezi, au angeanza kupokea barua kama za shemeji kila wiki kwa ajili ya kitu kinachomlisha. Binti alilia kwa sababu nyumba ile aliipenda, ina jiko kubwa, na alishawaambia watoto vyumba vyao. Nilimwacha alie, sikumwambia neno.

Jumatano jioni wakaandika barua ya kuvunja mkataba, ndani ya zile siku 3, Ijumaa nikatumiwa picha ya kishika uchumba kimerudi kwenye akaunti, chote. Sasa wanaangalia nyumba mbili, moja haina HOA kabisa iko mbali na shule, nyingine ina HOA ya dola 480 na tumeshaomba kitabu kabla hata ya kutoa bei. Kifungu cha magari tumeanza nacho.

Shemeji yeye amebakiza malipo mawili kwenye mpango wake. Mkutano mkuu wa chama chao ni mwezi ujao, ameomba ruhusa kazini kwenda kupiga kura, anataka wawe wanatuma notisi za ada na kwa Kiswahili na Kihispania, maana kwenye mtaa ule amehesabu familia kumi na moja za watu wetu.

DadaUjiji:

Mwalimu tukiletewa kurasa na ndugu zetu tukuletee wewe?

MwanaMwanga:

Leteni dada. Jioni baada ya swala ya isha niko nyumbani.